Mama Hakuwa Mwehu

Mama yangu alinikorogea chai ya chumvi, akaniangalia usoni, akaniita Nelda.

Nelda ni dada yangu. Tulimzika miaka kumi na moja iliyopita.

"Nelda, mbona umekuja pekupeku?" akaniuliza.

Nilikuwa nimevaa buti. Theluji bado imeganda kwenye soli.

Mimi ni Maritza, naishi na mama na nauza mkate hapa Coyhaique, kusini mwa Chile. Julai ya huku haina utani. Maji yanaganda bombani, na jiko la kuni halizimwi asubuhi wala jioni.

Nikambeba mama hadi zahanati. Daktari hata hakuondoa macho kwenye kompyuta.

"Miaka mingapi?"

"Sabini na nne."

"Uzee huo. Mzoeeni."

Basi! Dakika tatu. Nilitoka pale nafoka.

Cha ajabu, kwenye foleni mama alikuwa timamu. Aliwasengenya wanawake wawili, majina yao na ya waume zao, bila kukosea hata moja.

Tukarudi nyumbani. Kufika jioni, nikawa Nelda tena.

Mimi nilikuwa naumwa kichwa kila siku nikisharudi nyumbani kutoka kazini. Nikasema ni uchovu.

Jumapili mchana akaja kaka yangu, Nolberto. Huyu bwana alikuwa hajakanyaga kwa mama tangu Machi. Leo kaja na fomu mkononi.

"Kuna nyumba ya wazee," akasema. "Pazuri. Wana joto, wana wauguzi."

"Hebu rudia."

"Dada, mama kichwa kimeshaondoka. Tukubali tu."

Weee! Hasira zikanipanda.

"Miezi minne hujui anakula nini, leo ndiyo unajua kichwa chake kimeenda wapi? Toka na makaratasi yako!"

"Sitoki! Ni mama yangu pia!"

"Mama yako wa kwenye fomu!"

Mama amekaa katikati yetu kwenye kiti chake, anatabasamu kama anatazama harusi.

Tulitukanana, ndugu zangu. Mambo ya tangu utotoni yote tuliyafukua. Nikamrushia kopo la sukari.

Ghafla Nolberto akashika ukuta. Uso umemwiva. Akatapika palepale kwenye zulia.

"Usiniigizie!" nikamfokea.

Nikataka kumfuata nimsukume nje. Miguu ikagoma. Nikajikuta nimepiga magoti, chumba kinazunguka.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Mzee Ercilio, jirani yetu, alikuja kutugombeza kwa kelele. Mzee huyu amekuwa zimamoto wa kujitolea miaka thelathini.

Alitutazama mara moja tu.

"Nje! Wote nje! Sasa hivi!"

Akamnyanyua mama kama mzigo wa kuni, akamtoa. Akarudi akanikokota mimi kwa kola. Nolberto alitambaa mwenyewe. Tukalala kwenye theluji tunahema kama samaki.

"Ni jiko," mzee akasema. "Linatoa hewa ya sumu. Haina harufu, haina rangi. Mngelala mchana huu, kesho ningewachimbia makaburi."

Akavuta pumzi, akaingia, akafungua madirisha. Akatoka ameshika kipande cha sponji kilichobandikwa selotepu.

"Nani mpumbavu aliyeziba tundu la hewa?"

Nikamgeukia Nolberto, mdomo uko tayari.

Halafu nikaikumbuka ile sponji.

Niliikata mimi, mwezi wa tano, kwa kisu cha mkate. Nilitaka mama asipigwe na upepo. Na bomba la moshi sikuwahi kulisafisha msimu mzima, masizi yamejaa hadi juu.

Hospitali walituwekea oksijeni sote watatu. Nolberto kitanda cha pili.  

Nikamwambia, "Usingekuja tukagombana, mzee asingesikia kelele."

"Nilikuja kumchukua, dada. Usinisifu."

Mama alirudiwa na akili siku ya pili. Nikaenda kumshika mkono, nalia, namwambia nitamshitaki yule daktari, haiwezekani mtu mzima na shahada zake ashindwe kuuliza swali moja tu: nyumbani mnaota moto wa nini?

Mama akautoa mkono wake.

"Wewe uliuliza?"

"Mama..."

"Nilikwambia jiko linaniumiza kichwa. Nikakwambia tena. Mara ya tatu ukanijibu nini, Maritza?"

Sikukumbuka. Wallahi sikukumbuka.

"Ulisema, 'Mama, acha uzee.'"

Akageukia ukutani.

Kwa hiyo daktari hakuwa wa kwanza kusingizia uzee. Wa kwanza nilikuwa mimi.

Nina hasira hadi leo ninapoandika, na kwa mara ya kwanza najua namkasirikia nani: mimi mwenyewe.

Wewe unayesoma, huenda kwenu hakuna theluji. Lakini msimu wa baridi ukifika unaingiza jiko la mkaa chumbani, unafunga dirisha, unaziba hadi chini ya mlango. Acha! Moto unataka tundu la hewa, na bomba la moshi lisafishwe kabla ya baridi kuanza. Mkiumwa kichwa nyumba nzima, tokeni nje kwanza, maswali baadaye.

Na mzee akikwambia kitu kinamuumiza, usimjibu kwa umri wake.