Mstari Mmoja kwa Familia

Kwa miaka tisa niliandika jambo lisilo kweli katika daftari la wagonjwa, tena kwa mwandiko mzuri. Nilidhani nawatendea watu wema.

Kazi yangu ni mapokezi katika kliniki ya daktari wa familia, La Rochelle, kusini mwa Johannesburg. Kliniki yenyewe ni nyumba ya kawaida. Sebule ndiyo chumba cha kungojea, chumba cha kulala ndicho cha daktari, na mimi nakaa nyuma ya dirisha lililotobolewa kwenye ukuta wa jikoni. Daktari ni mama wa Lubumbashi aliyesomea udaktari hapahapa Afrika Kusini. Mimi ni mtu wa Kigoma na shule yangu iliishia darasa la saba. Kabla ya kuja kliniki nilifanya usafi katika ofisi moja huko Sandton, na mengi ninayoyajua niliyasoma kwenye majalada ambayo wenye ofisi waliyatupa. Nilipopata kazi hii nilinunua huko Fordsburg, mtaa mwingine wa Johannesburg, kitabu kilichokwisha kutumika cha namba za magonjwa, zile ambazo bima hutaka ziandikwe badala ya jina la ugonjwa. Nilikisoma kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kisha nikakirudia.

Wagonjwa wetu wengi ni walinzi, wauzaji wa dukani na wafanyakazi wa hoteli: Warundi, Wakongo, Watanzania, na wenyeji wa mtaa. Wana bima ya bei ya chini inayokatwa kwenye mshahara. Bima hiyo haimlipi daktari kwa kila mgonjwa anayemwona. Humlipa kiasi kilekile kila mwezi kwa kila mtu aliyejiandikisha kwake, awe amekuja mara sita au hakuja kabisa. Kiasi hicho hupangwa kwa kuangalia orodha ya mahudhurio ambayo kliniki hupeleka: mahudhurio machache, malipo madogo. Kuna kanuni nyingine pia: mtu akizidisha idadi fulani ya mahudhurio kwa mwaka, mapokezi lazima wapige simu kwa bima kuomba ruhusa, wangoje huku wanapigiwa muziki, ndipo mgonjwa amwone daktari.

Sasa, watu wetu hawaendi kwa daktari mmoja mmoja. Mama akileta mtoto mwenye homa, anakuja na watoto wote, na mdogo wake wa kike, na pengine mume akitoka zamu ya usiku. Wote wana kadi. Anainama dirishani na kuniambia, "Shangazi, na huyu naye anakohoa. Aingie tu na mwenzake." Wanaingia wanne, daktari anawapima wanne, na kuandika katika mafaili manne. Lakini daftari la mahudhurio, lile linalokwenda kwa bima, lilikuwa langu. Humo niliandika mstari mmoja, jina la yule aliyeanza kutajwa. Kwa njia hiyo nafasi za wale watatu zilibaki, na hakuna aliyelazimika kuombewa ruhusa ya kuugua. Akina mama walinishukuru. Daktari hakuwahi kulisoma daftari hilo. Alikuwa na kazi nyingine.

Majira ya baridi ya mwaka jana aliniita ndani baada ya mgonjwa wa mwisho wa asubuhi. Alikuwa amevua viatu na ameweka miguu juu ya mzani wa watoto.

"Mama, keti," alisema. Juu ya meza palikuwa na bahasha. "Hii ni barua ya kuacha mkataba na bima. Hospitali moja ya Sandton inanitaka. Zamu ya saa nane tu kwa siku, halafu nyumbani, basi. Mkataba unaisha mwezi wa tisa. Wasipoubadilisha, mimi sitatia sahihi tena."

"Bila mkataba huo kliniki haiwezi kuendelea, Daktari."

"Najua. Na mimi siwezi kuendelea hivi, hiyo pia uijue. Jana nimesahau jina la mtoto niliyempokea mwenyewe alipozaliwa."

Nilirudi dirishani. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na mbili, lakini sikujifikiria mimi kwanza, niliangalia benchi. Kila aliyekaa pale alikuja kwa sababu hapa anaweza kueleza maumivu yake kwa Kiswahili. Kwingineko angelazimika kwenda na mtoto wake wa shule amtafsirie mambo ambayo mtoto hapaswi kuyasikia kwa mama yake.

Daktari hakuwa peke yake katika kuchoka. Wiki mbili baadaye tulikwenda Fordsburg, Jumamosi mchana, kwenye chumba kilicho juu ya mkahawa, harufu ya biriani ikipanda ngazi pamoja nasi. Zilikuwa kliniki saba zenye mkataba na bima ileile. Kila daktari alikuja na mtu wake wa mapokezi na daftari lake, majina yamefunikwa kwa karatasi ili zionekane hesabu tu. Mazungumzo yalikuwa ya Kiingereza. Daktari mzee wa Rosettenville, aliyekuwa mwenyekiti, alianza kwa kutuonya kwamba sheria ya nchi inakataza wafanyabiashara wanaoshindana kupanga bei pamoja, na mbele ya sheria hiyo daktari ni mfanyabiashara. Kwa hiyo hakuna atakayetaja bei. Tutazungumza juu ya kazi: watu wangapi, dakika ngapi.

Madaftari yalizungushwa. Letu ndilo lililokuwa na watu wachache kuliko yote, tena kwa mbali. Mzee alilipekua, akalipekua tena, akamtazama daktari wangu juu ya miwani.

"Daktari, huko La Rochelle mnafungua kila siku, au mnafungua hali ya hewa ikiwa nzuri?"

Watu walicheka. Daktari wangu hakucheka. Alisema anaona wagonjwa hadi sauti inakauka. Mwingine akasema kwa upole, ule upole unaouma, kwamba labda ni mpangilio wa muda, kuna kozi nzuri siku hizi.

Nilisimama. Nilijua nikikaa nitakuwa nimemwacha abebe aibu ambayo ni yangu. Nilieleza ule mstari mmoja: nilianza lini, kwa nini, na kwamba mafaili ya daktari yana ukweli wote na nitayahesabu upya. Nilisema, "Bima wanaamini hatuna kazi kwa sababu mimi niliwaambia hivyo kila mwezi."

Kisha dada mmoja mwenye hijabu, wa mapokezi ya kliniki ya palepale Fordsburg, akajipiga paja.

"Eish, mama! Nilidhani ni mimi peke yangu mjinga."

Daktari wake aligeuka kumtazama kama mtu aliyeuma jiwe kwenye wali. Mmoja akainua mkono, kisha mwingine. Kati ya kliniki saba, nne zilikuwa na mstari mmoja kwa familia. Hatukuwa tumewahi kukutana, na kila mmoja wetu aliuvumbua wema uleule, na kwa wema huo tukawachosha madaktari wetu.

Yale yaliyofuata yaliamuliwa na sisi watu wa mapokezi kuliko madaktari. Kwa wiki sita kila mtu ataandikwa mstari wake, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Na kanuni ya ruhusa tutaifuata neno kwa neno: kila aliyezidi, simu itapigwa. Wote tutapiga saa tatu asubuhi, kwa sababu ndipo wagonjwa wanapokuwa wengi. Mzee wa Rosettenville aliuliza kama hilo si mgomo.

"Hapana, Daktari," alisema dada wa Fordsburg. "Huo ndio utii."

Tukirudi, daktari wangu aliendesha gari mpaka tuliposimamishwa na roboti, zile taa za barabarani.

"Miaka tisa, mama."

"Ndiyo, Daktari."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilijua ungekataa."

Taa ikawa ya kijani. Aliyekuwa nyuma akapiga honi. "Hata mimi sijui kama ningekataa," alisema, akaondoa gari.

Watu wa benchi hawakufurahi. Wiki ya kwanza mlinzi mmoja Mrundi, baba wa watoto watano, aliona nimeandika mistari sita akaweka kiganja juu ya daftari.

"Shangazi, umetuuza?"

"Ondoa mkono, baba. Wino haujakauka."

"Zamani ulituandika mmoja."

"Zamani nilikosea. Daktari anaona watu sita, bima wanamwona mtu mmoja. Anachoka kwa sita, anahesabiwa kwa mmoja. Akiondoka utampeleka mkeo wapi?"

"Sasa utaniombea ruhusa kwa simu, mbele za watu?"

"Nitakuombea. Na utakaa hapa usikie wanavyokungojesha."

Nilieleza hivyo kila siku, kwa kila familia, kwa maneno yaleyale, mara nyingine kwa mtu yuleyule. Mwenye homa kali au anayehema kwa shida aliingia moja kwa moja. Kanuni iliruhusu dharura, nami nilikuwa nimeisoma hadi viambatisho. Waliobaki walingoja. Saa tatu kamili niliweka simu juu ya dirisha, sauti imefunguliwa, na muziki wa bima ukajaa sebuleni. Ulikuwa wimbo mmoja wa kinanda unaojirudia. Kufikia wiki ya pili watoto waliucheza. Mama mmoja wa Bukavu, msusi, ambaye huniita shangazi kwa Kifaransa, alisema, "Tantine, hawa watu wana sahani moja tu ya muziki?" Na katika kliniki nyingine sita muziki ulikuwa uleule, saa ileile.

Jioni nilihesabu mafaili ya zamani, mwezi baada ya mwezi, nikaandika jedwali kwa mkono kabla ya kuliingiza kwenye kompyuta. Sikutaka kukosea tena kwa haraka.

Wiki ya tano alikuja kijana wa bima kutoka Sandton, mwenye tai na kompyuta ya kupakata. Alikuwa Mkenya. Aliponisikia nikimwita mgonjwa alitabasamu kwa uchovu.

"Kumbe ni nyinyi! Mama, simu zenu zimetumaliza. Hamuwezi kupiga mchana?"

"Watoto hawaugui mchana, mwanangu. Kanuni ni yenu. Karibu, keti."

Nilimpa nafasi kwenye benchi, kati ya msusi wa Bukavu na mzee mwenye mguu uliofungwa bandeji. Sikumpa kiti changu wala chai. Nilitaka aone asubuhi nzima kutoka pale. Alihesabu kwa vidole mwanzoni, kisha akaomba karatasi. Saa sita daktari alitoka kuchukua maji, akamwuliza yeye ni mgonjwa wa nani.

"Wa bima," alisema, akasimama haraka.

"Ingia basi, nikupime."

Hata msusi alicheka. Lakini aliingia kweli, na mlango ukafungwa. Nilimwandika saa ya kuingia. Alipotoka zilikuwa zimepita dakika kumi na tisa. Sijui walisema nini. Alipopita dirishani aliomba nakala ya jedwali langu. Nilimpa, na kumwonyesha pale nilipoandika kwamba takwimu za miaka ya nyuma zilikuwa na kosa, na kosa ni la nani.

"Hii si lazima ibaki humu," alisema.

"Ikitoka hiyo, hayo mengine utayaamini kwa nini?"

Jibu lilikuja katika wiki ya mwisho ya mkataba. Kanuni ya ruhusa imeondolewa kwa madaktari wa familia wa kliniki zote saba. Kuhusu malipo, bima itaanza kuhesabu upya kwa kutumia daftari jipya, na jibu litatolewa baada ya miezi kumi na miwili. Hakuna ahadi zaidi ya hiyo. Mzee wa Rosettenville aliliita jibu hilo ushindi. Dada wa Fordsburg aliniambia kwenye simu kwamba yeye ataliita ushindi siku daktari wake atakapokula chakula cha mchana akiwa amekaa.

Daktari alisoma barua mara mbili. Akatoa ile bahasha kwenye droo, akapima uzito wake mkononi, akaiweka kando, akauvuta mkataba mpya na kutia sahihi.

"Mwaka mmoja, mama. Baada ya hapo nitaangalia daftari lako."

"Litakuwa sahihi, Daktari."

Bahasha alinikabidhi mimi niitunze. Ipo kwenye droo yangu, chini ya kitabu cha namba za magonjwa, haijachanwa.

Kesho yake, kabla sijafungua dirisha vizuri, alikuwepo mama na watoto watatu, mmoja mgongoni, na nyuma yao mdogo wake ameshika shavu kwa maumivu ya jino.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Mko wangapi leo?"

"Mmoja tu," alisema kwa mazoea.

Nikachukua kalamu. "Hesabu tena."