Baba Nancy Wawili na Kompyuta ya Ethel

Mwaka ni 1999, mwezi wa Novemba, na msimu wa korosho umepamba moto. Katika ua wa ghala moja la Makote, wilayani Newala, Ethel Ladislaus ameketi mbele ya kompyuta kuukuu inayotumia umeme wa jenereta. Wakulima wamemzunguka. Hakuna anayecheka.

"Binti, korosho zangu zimo humo ndani?" anauliza Hamidu, mkulima wa makamo.

"Shikamoo, Baba Nancy. Zimo."

"Marahaba. Basi zitoe."

Kioo kinaonyesha Baba Nancy mmoja tu, mwenye kilo mia nne na kumi. Nyuma ya Hamidu amesimama mkulima mwingine, Alfredi. Naye ni Baba Nancy.

Ethel, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja, alikuwa karani wa ushirika hadi alipopunguzwa kazini, baada ya biashara ya korosho kufunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Kiinua mgongo chake chote alikinunulia kompyuta hiyo. Chumbani kwake Mkomaindo, mjini Masasi, alitunga programu ya kupokea uzito wa korosho na kukokotoa malipo ya kila mkulima. Bei yake ni shilingi laki mbili. Hajapata mteja hata mmoja. Sadallah, mwenye ghala hili, amekubali kuijaribu kwanza.

Kosa limeanzia kwenye adabu. Edmund, karani wa mizani, hathubutu kumwuliza mtu mzima jina lake. Amemwandika kila mmoja kama anavyoitwa kijijini. Ethel naye hakuwaza kwamba akina Nancy wangekuwa wawili.

"Lori linaondoka saa kumi," anasema Sadallah. "Usiposahihisha, beba televisheni yako uende."

Ethel anainamia kompyuta. Anaongeza swali moja: ukoo wa mama. Swali hilo huku halimvunjii mtu heshima. Wageni wakikutana huulizana hilo. Lakini magunia ya akina Baba Nancy yamekwisha kupangwa pamoja, hivyo sharti yapimwe upya. Hamidu, anayeyatambua yake kwa fundo la kamba, anayashusha kwa mgongo wake, na ya Alfredi pia, jua likiwa kali.

"Nancy wako anakula sana," Alfredi anamtania. "Alitaka na zangu!"

Saa tisa na nusu, kioo kinaonyesha Baba Nancy wawili: kilo mia moja na tisini, na kilo mia mbili na ishirini. Sadallah anainunua programu. Ethel anamfuata Hamidu, noti mkononi.

"Fedha yako sitaki," anasema Hamidu. "Mgongo wangu umekufanyia kazi. Mvua zikinyesha, wako utanifanyia."

Januari, Ethel yumo shambani mwa Hamidu, akipalilia chini ya mikorosho. Anasema kuwa kabla ya msimu ujao ataipeleka programu yake kwa wanunuzi wa Chiwata, ikiwa na swali la ukoo tangu mwanzo.

"Nimemaliza, Baba Nancy?"

"Bado mstari mmoja."

Anaulima hadi mwisho, anafuta udongo kwenye jembe, kisha anamkabidhi mwenyewe.

"Haya," anasema Hamidu. "Hatudaiani."