Nimemwambia Adela mwisho wa riwaya yake

Leo nimelipiza kisasi kwa Adela, mbele ya watu, stendi ya Ngara.

Rafiki yangu huyu kila siku ananicheka kwa kurudia riwaya za kihistoria. "Mwisho unaujua, utamu uko wapi?"

Leo nimemkuta anasoma ile ya msichana anayegeuka njiani kumtafuta bibi yake, siku wakimbizi walipovuka mto Kagera. Nikamwambia, polepole kabisa, "Bibi anafika kambini mzima."

Nikasubiri akasirike.

Akafunga kitabu, akalia. "Wiki nzima naogopa kufunua ukurasa. Bibi yangu alivuka siku zile. Hakufika."

Kisha akakifungua tena, akaanza upya, ukurasa wa kwanza.

Hasira bado ninayo, ila sina pa kuipeleka. Ungekuwa wewe, ungesemaje?