Mkono wa koki uko mfukoni mwa Lukresia

Saa tisa alasiri. Foleni ya magunia ya kahawa mbivu imetoka nje ya geti la mtambo wa kumenya kahawa, imepita ofisi ya chama cha ushirika na sasa inaishia kwenye kibao cha mradi. Kibao hicho, chenye jina la benki ya maendeleo, ni kikubwa kuliko mlango wa ofisi yenyewe. Kinatangaza udhibiti wa uchafuzi wa maji. Leo kinawapa kivuli wanawake wanne, na hakuna anayekisoma.

Mashine imezimwa. Lukresia Kapinga, mwendesha mtambo mwenye umri wa miaka arobaini na tatu, amesimama mbele ya swichi, mikono kifuani. Mfukoni mwa aproni yake kuna kipande cha chuma chenye urefu wa kiganja. Ni mkono wa koki.

"Mama Glorious, fungua," anasema Edmund Komba, mkulima aliyefika na magunia matano tangu saa saba. "Kahawa inachemka hii. Hebu ingiza mkono ndani ya gunia uone joto lake."

"Nimeshaingiza. Na yangu imo humo humo kwenye foleni."

"Sasa?"

"Sifungui."

Hapa ni katika milima ya Maguu, wilayani Mbinga, na huu ni wakati ambao kahawa inaiva kwa mkupuo. Iliyochumwa asubuhi lazima imenywe siku hiyo hiyo, la sivyo itavunda na mnunuzi ataikunjia pua. Kuimenya kunataka maji mengi, na maji hayo yakishapita kwenye mashine hutoka ya kahawia, machachu, yenye utelezi.

Kwa miaka mingi yaliingia kijitoni kwa bomba. Kijito huteremka bonde kwa bonde mpaka upande wa Lundo, kwenye Ziwa Nyasa. Waliokuwa juu walivuna kahawa. Waliokuwa chini walivuna harufu.

Miaka miwili iliyopita mkopo wa benki ya maendeleo ukajenga bwawa la kuyahifadhi maji hayo na tangi la chokaa la kuyapunguzia ukali. Bwawa lilipimwa kwa tani sita za kahawa kwa siku. Tangu hapo bei imepanda, watu wamerudia mashamba waliyokuwa wameyatelekeza, na wiki hii mtambo unaletewa tani tisa. Uchumi umekua, bwawa halikukua. Alasiri hii limebakiza upana wa vidole viwili lifurike.

Bomba la zamani bado lipo. Mkandarasi aliliacha na koki yake, "kwa ajili ya dharura". Dharura nazo, ukiziwekea mlango, hazikawii kubisha hodi.

Kesho saa nne asubuhi Asnath Mbwambo, afisa wa maji, atakuja kupima kijito. Maji yakiwa safi, benki itatoa fedha za bwawa la pili. Yakiwa machafu, hakuna bwawa, na mtambo utafungwa katikati ya msimu.

Edmund amelifikiria hilo. "Tukifungua sasa hivi, mpaka kesho saa nne maji yatakuwa yameshapita yote," anasema. "Huyo dada wa maji atakuta kijito cheupe kabisa."

Hesabu yake ni sahihi, na ndiyo inayomuumiza Lukresia. Aliwahi kuipiga yeye mwenyewe.

Ilikuwa msimu uliopita, Jumamosi alasiri, bwawa limejaa kama leo. Kesho yake askofu alikuwa anatoa Kipaimara parokiani. Lukresia alijua bonde zima litakuwa kanisani, hakuna atakayeteka maji Jumapili asubuhi. Akafungua koki kwa muda wa saa moja.

"Nilisahau kitu ambacho hata mtoto wa huku anakijua," anasimulia, sauti yake ikishuka. "Maji ya sherehe hayatekwi siku ya sherehe. Yanatekwa jana yake jioni."

Chini ya mtambo, mwendo wa nusu saa kwa miguu, anaishi Mektilda Mbunda. Binti yake, Aurelia, alikuwa mmoja wa waliopokea Kipaimara siku ile, na msimamizi wake alikuwa Lukresia. Baada ya misa walikwenda nyumbani kwa Mektilda. Mgeni wa heshima akapewa kiti na kikombe cha maji.

"Niliisikia harufu kabla kikombe hakijafika mdomoni. Watu wote wananitazama. Nikanywa. Ningesema nini?"

Kufikia jioni watoto walikuwa wanatapika. Aurelia alijikuna mikono mpaka ikatoka damu, gauni lake jeupe likapata madoa. Watu kumi na wanane walipelekwa zahanati. Wote walipona, lakini Lukresia hakupona. Miezi mitatu alikaa na siri hiyo, kisha akashuka bondeni akamwambia Mektilda ukweli wote.

Mektilda hakupiga kelele. Alimjibu kwa sentensi moja: "Basi kila wiki utakuja kunywa maji hapa kwangu."

Tangu siku hiyo Lukresia ameung'oa mkono wa koki na kutembea nao. Na kila Alhamisi jioni hushuka kwenda kunywa.

Magunia yanazidi kupata joto. Mwenyekiti wa chama, mzee Stephano Hyera, anamsogelea na kumwambia kwa upole, "Binti yangu, robo saa tu. Hawa watu wana ada za watoto."

"Shikamoo baba, nakuheshimu. Lakini robo saa hiyo utakwenda kuinywa wewe?"

Lukresia anajua anachokichezea. Kazi hii humpa shilingi elfu kumi kwa siku, kwa miezi minne ya msimu, na wanaoitamani ni wengi. Mume wake alifariki miaka sita iliyopita. Mwanawe, Glorious, yuko chuo cha ualimu.

Ghafla mtu anapiga kelele. Edmund amepata spana ya bomba na anateremka mbio kuelekea kwenye koki. Lukresia anamwahi, anakaa juu ya mfuniko wa zege unaofunika koki na kuishika aproni yake kwa mikono miwili.

"Nipige basi," anamwambia. "Mbele ya watu wote hawa. Nipige."

Edmund amesimama na spana yake, anahema. Kwa kweli wakati huo lolote lingeweza kutokea.

Anayeingilia kati ni bibi mmoja mwembamba, Rosina Ndunguru, ambaye gunia lake ni la kumi na mbili kwenye foleni. "Nyie ni Wamatengo wa wapi?" anauliza kwa dharau. "Babu zenu walizuia mvua mlimani kwa jembe. Leo mnashindwa na maji ya kahawa? Chimbeni ngolo!"

Ngolo ni mashimo ambayo Wamatengo, wenyeji wa milima hii, huchimba mteremkoni, yamepangana kama masega ya nyuki, ili mvua isiondoke na udongo. Ng'ambo ya barabara chama kina kipande cha ardhi kilicholala, mbali na kijito. Mtu mmoja anacheka. Mwingine anakwenda kuchukua jembe.

Kazi wanaijua tangu utotoni. Wanaume wanafyeka majani na kuyalaza mistari, wanawake wanachimba na kuyafunika kwa udongo. Edmund anatupa spana na kuchukua panga. Kufikia saa kumi na moja mashimo sabini yamekamilika, chokaa imenyunyizwa, na maji ya bwawa yanavutwa kwa mpira kwenda huko. Lukresia anawasha mashine.

Jua linapozama mashimo yamejaa. Yamebaki magunia mawili ambayo hayajamenywa, na yote mawili ni ya Lukresia. Hakuna aliyemwagiza awe wa mwisho. Anazima mashine mwenyewe. Kahawa hiyo ataianika na maganda yake, na itapata bei ya chini kabisa.

"Zile zilikuwa ada za Glorious za muhula," anasema, na machozi yanamtoka bila kuyaficha. Edmund anayafunga magunia yale kwenye baiskeli yake na kuyapeleka nyumbani kwa Lukresia.

Alhamisi saa nne Asnath anafika, anaamkia wazee, anapima kijito sehemu tatu. Maji ni salama. Anakwenda pia kuyaangalia mashimo, akiwa amekunja uso. "Kwa siku moja, sawa, na nitaliandika hivyo hivyo kwenye taarifa," anasema. "Mkifanya mazoea mtaua udongo. Bwawa la pili ndilo jibu, na siwezi kuwaahidi lini litajengwa."

Lukresia naye hataki ahadi. Anachotaka ni siku ya kuona bomba la zamani likifukuliwa lote, naye akiwa amesimama pale na jembe lake.

Jioni anashuka bondeni. Mektilda anamwekea kiti, Aurelia anamwamkia na kuingia ndani kuleta maji. Lukresia anatoa chuma mfukoni na kukiweka juu ya meza.

"Kaa nacho wewe, mpaka siku watakapong'oa bomba," anasema. "Jana nilikaribia kukitoa."

Mektilda anakitazama kile chuma, hakigusi. Anachukua kikombe mkononi mwa Aurelia na kumsogezea mgeni wake.

"Kunywa kwanza," anasema.