Kifaa Kisichosema na Mtu

Mume wangu ni fundi bomba, na mtaani wanamwita Hakikisha. Jina hilo hakupewa na maadui. Akifunga koki anaifungua tena aone kama kweli ilikuwa imefungwa, na ukimuuliza ameamkaje anataka kujua kwa nini umeuliza. Nimeishi naye miaka ishirini na sita, kwa hiyo nikisema anashuku watu, simsengenyi, natoa ushahidi.

Siku zake za mapumziko haonekani nyumbani. Anavuka mto kwenda kwenye kinamasi. Ana kibali cha kuwinda bata mwitu, ana mshipi wa kuvulia, na ndani kabisa ya matete ana kidimbwi chake. Mimi nilikuwa sijawahi kukiona. Nilichojua ni kambare wanaotoka humo, maana mmoja haingii kwenye sufuria yangu kubwa mpaka nimkate vipande vitatu. Mahali penyewe hakumwambia mtu, na aliyemwogopa kuliko wote ni mdogo wangu, shemeji yake, kwa kosa moja tu la kuuza samaki sokoni.

"Yule akipajua leo, kesho ameshaingiza nyavu," alikuwa akisema.

"Yule ni ndugu yangu."

"Ndiyo maana na wewe sikuambii."

Mwaka jana ukungu ulimkuta huko akapotea siku mbili. Watu walimtafuta, mdogo wangu akiwa mbele yao, na mwishowe alirudi mwenyewe kwa miguu, uso umevimba kwa mbu, akidai hakupotea bali alichelewa. Kazi yangu ni kushona nguo, na siku hizo mbili sikushona hata kifungo. Nilikaa naitazama cherehani. Aliporudi nikamwambia, ama unanunua GPS ya kushika mkononi, ama hivyo viatu vyako vya mpira navitia moto. Alijua sitanii.

Tukaenda kwenye duka la zana za uvuvi na uwindaji. Muuzaji, dada mmoja mwenye subira zake, akapanga vifaa vitatu juu ya kaunta. Mume wangu hakuvigusa. Alianza kuhoji.

"Hivi vinaongea na nani?"

"Haviongei, baba. Vinasikiliza setilaiti tu, kama redio."

"Na nani alikuhakikishia kwamba redio haikusikilizi?"

Dada akanitazama. Mimi nikatazama dari.

Chini ya bati la duka havikushika setilaiti, basi akavitoa nje, akavizungusha duka mara nne kuona kama vitaelewana. Vikapishana kwa hatua tatu hivi, na yeye akatabasamu kama aliyefumania mtu. Cha kwanza kilikuwa cha kugusa kioo. Akalamba kidole, akagusa, kikarukia ukurasa mwingine. "Hayo ni mate," akasema, "je, utelezi wa kambare?" Akakirudisha. Cha pili ndicho nilichokitaka mimi. Pembeni kilikuwa na kitufe, ukikibonyeza ujumbe unakwenda nyumbani na kusema ulipo, hata pasipo na mtandao wa simu.

"Kwa hiyo nikibonyeza, huyu anajua niliko," akasema, akininyooshea kidevu.

"Ndiyo, baba."

"Na ndugu zake nao wanajua."

Nilikasirika, tena mbele ya mgeni. Nikamwambia hakuna anayemvizia, yeye si benki. Akakirudisha hicho nacho. Akachukua cha tatu, cha vitufe vya mpira, kinachotumia betri za tochi na kuelea majini. Kinakumbuka ulikopita na kukurudisha, lakini hakimwambii mtu neno.

"Hiki kina adabu," akasema.

Sawa, nikakubali, ila nilimpa sharti. Akifika huko nacho aniandikie namba za kidimbwi, zile za ramani, ili siku akichelewa nijue pa kuanzia. Nilidhani tutakesha tukibishana. Badala yake, siku ya kwanza aliyorudi nacho kutoka kinamasini, aliziandika palepale mlangoni kwenye karatasi yangu ya kukatia nguo, akanitazama nikiikunja na kuitia kwenye kopo la vifungo. Alikubali haraka mno. Hapo ndipo mimi nilipotakiwa kushuku, na sikushuku.

Miezi minne mambo yalikuwa shwari. Alikuwa akitoka alfajiri, na saa sita mchana yuko mlangoni anadai chakula. Halafu Jumamosi moja saa sita ikapita, na saa nane nayo ikapita. Nikamwaga vifungo sakafuni, nikachukua karatasi, nikampigia mdogo wangu. Akaiacha meza yake ya samaki akaja na aproni yake mwilini, akaziingiza namba kwenye ramani ya simu, tukavuka mto.

Namba zilitupeleka kwenye kichuguu. Kichuguu kikavu, mbigili pande zote, tone la maji hakuna. Niliita mpaka sauti ikakauka. Nikaisoma tena ile karatasi, tarakimu moja moja, zikalingana na za simu, na ndipo nikaelewa. Miaka ishirini na sita nalala ubavuni mwa mtu huyu, naye amenipa kichuguu. Nilikaa chini nikalia, kwanza kwa hasira, halafu kwa woga, maana zaidi ya karatasi hiyo sikuwa na kitu.

Mdogo wangu alisimama akichezea kamba za aproni.

"Dada, si huku," akasema kwa sauti ya chini. "Nifuate."

Akaingia kwenye matete bila hata kutazama simu. Akapinda kulia penye gogo, akavuka maji ya magotini, na baada ya robo saa tukaona kikombe cha bati, kile anachotoka nacho nyumbani, kinaning'inia kwenye tawi. Chini yake mume wangu alikuwa ameegemea shina, mguu mmoja umegeukia upande usio wake. Asubuhi alikuwa ametumbukia kwenye shimo, akajiburuta mpaka hapo. GPS ilikuwa mkononi mwake, inawaka, inajua alipo bila kukosea, na haina wa kumwambia.

Nilitaka kumzaba kofi. Nikajikuta nimemshika mashavu.

Yeye wala hakunitazama. Alikuwa akimtazama shemeji yake.

"Umepajuaje hapa?"

"Mwaka jana, nilipokuwa nakutafuta. Nilikiona kikombe chako."

"Mwaka jana."

"Ndiyo, shemeji."

Mume wangu akageuza shingo, akakitazama kidimbwi. Nilijua anachotafuta: boya, kipande cha wavu, matete yaliyokatwa na mkono wa mwingine. Alitafuta ukingo mzima kwa macho. Katikati ya maji kambare mmoja mnene aliinuka, akazama taratibu.

"Hukuvua," akasema.

"Kidimbwi si chako?" Mdogo wangu akainama, akampa mgongo. "Shika shingo, twende."

Akambeba hadi ng'ambo ya mto. Mimi nilikuwa nyuma nimebeba ndoo na bunduki yake, nikaona mabega ya mume wangu yanatikisika, nikapunguza mwendo asijue kwamba nimeona.

Mguu ulipokwisha kufungwa plasta aliniomba ile karatasi. Akazikata namba za zamani, akaandika nyingine, mdogo wangu akimsomea kutoka kwenye kifaa. Akanipa. Nikaisoma, nikaikunja, nikairudisha kwenye kopo la vifungo.

"Mguu ukipona tunakwenda wote watatu," nikamwambia. "Nikazihakikishe."