Mianzi ya Marehemu Baba

Mvua zilipokolea, ukungu wa asubuhi kwetu ulinukia ulanzi, pombe ya mianzi. Harufu ile tamu, yenye uchachu kidogo, ilipanda kutoka bondeni, ambako wagemi walichonga ncha za mianzi michanga na kuzitundikia mbeta, vikopo vya mwanzi vya kukingia utomvu tone kwa tone. Kijiji chetu kilikuwa upande wa Njombe, kando ya njia iendayo Makambako. Ilikuwa enzi ya Mwingereza, na wanaume wengi walikuwa wamekwenda manamba kwenye mashamba ya mkonge, hivyo kilichokuwa kimelimwa mwaka uliotangulia kilikuwa kidogo. Katika miezi ile, mahindi yakiwa bado majani matupu, ulanzi ndio uliowapa watu wengi nguvu ya kuifikia jioni. Watoto walipewa ule wa alfajiri, ambao haujachacha, wakaja kucheza midomo ikinata. Mimi na wadogo zangu wawili tuliwatazama tu.

Kabla hajabatizwa, baba alikuwa mgemi hodari, na mlevi pia. Siku ya ubatizo wake aliahidi mbele ya usharika kwamba mianzi yake haitagemwa tena wala kutoa pombe. Watu walimcheka, maana hakuna aliyekuwa na mianzi mingi kama yeye bonde zima. Mama alifariki akimzaa Lusia, kitinda mimba wetu. Baba naye alikufa kwa kifua wakati wa baridi, miezi michache kabla ya mvua ninazozisimulia, na maneno yake ya mwisho kwangu yalihusu wadogo zangu na ahadi ile. Niliacha shule nikiwa darasa la tatu, nikashika jembe. Filipo alinifuata kwa umri. Lusia alikuwa ndiyo kwanza ang'oke meno ya utoto.

Kwetu, mgemi haingii kwenye mianzi ya marehemu mpaka mtoto wake wa kwanza akate ncha ya chipukizi la kwanza kwa mkono wake mwenyewe. Bila hivyo, watu waliamini, ulanzi utawadhuru wanywaji. Kwa hiyo baba mdogo, ndugu yake baba, alikuja na kisu kilichonolewa vizuri, akaketi mlangoni kwetu. Hakuwa mtu mbaya. Alisema nikate chipukizi moja tu, mengine atafanya yeye: atafyeka mianzi mikongwe ili wagemi wapite, atagema, na mimi na wadogo zangu tutakula kwake hadi mavuno. Nilikataa, nikamweleza ahadi ya baba. Akacheka.

"Haya, mtoto wa kanisa. Jioni kanisa likikupikia ugali, uniite na mimi nije kunawa."

Alirudi mara nyingi, na kila alipoondoka nyumba ilizidi kuwa kimya. Tulikula mboga za porini na viazi vidogo vilivyosahaulika udongoni. Mzee wa kanisa alikuja kuomba pamoja nasi na kutuachia alichoweza, lakini kwake pia walilala na njaa. Kila jioni niliwapigisha magoti wadogo zangu, nikamwambia Mungu kwamba tumetunza neno la baba, na sasa tunamngoja Yeye. Niliamini kabisa kwamba atakuja. Siku moja, tukitoka kuomba, Lusia alinishika mkono.

"Kaka, tukate mmoja tu. Mungu atadhani umevunjwa na upepo."

Filipo alicheka, nami nikacheka, kisha nikatoka nje ili wasiuone uso wangu. Nilishuka hadi kwenye mianzi. Machipukizi yalikuwa yamesimama manene, yamejaa maji, na ningeweza kuyakata hata kwa jembe. Nilisimama pale mpaka mvua ikaniloanisha, nikapanda kurudi nyumbani mikono mitupu.

Homa ilimpata Lusia akiwa hana mwili wa kupambana nayo. Alikufa asubuhi, mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Baba mdogo ndiye aliyechimba kaburi, peke yake, na hakuruhusu mtu ampokee jembe. Tulipomaliza kufukia alikuja kusimama karibu nami. Safari hii hakukuwa na dhihaka katika sauti yake.

"Hata leo, mwanangu?"

"Hata leo, baba."

Hakuniuliza tena kamwe.

Mavuno yalikuja, na yalikuwa mazuri kila mahali. Watu wakahitaji vihenge vya kuhifadhia mahindi, na vihenge husukwa kwa mianzi mirefu iliyokomaa. Mwanzi uliogemwa haurefuki tena, hukauka ukiwa mfupi, na bonde zima lilikuwa limegemwa. Msusi mmoja kutoka Makambako alizunguka vijiji vyetu hadi akafika juu ya shamba la baba, akavua kofia. Alikata mianzi mikongwe, akatulipa kwa mahindi na maharage, na mwaka uliofuata akarudi. Mianzi ile ilitulisha, ikamsomesha Filipo. Nilipiga magoti kushukuru, na nilishukuru kweli. Lakini sahani tulizopakua zilikuwa mbili.

Sasa mimi ni mzee. Njia ya Makambako ina lami, na wajukuu wa Filipo hubakiza chakula bila hata kukitazama. Usharika wetu hupenda niwashuhudie vijana jinsi Mungu alivyotuokoa kwa mianzi ambayo haikugemwa. Mimi huwasimulia yote, na Lusia simruki, ingawa naona wengine wangependa nimruke. Imani yangu haikuvunjika, na kama baba mdogo angefufuka aniulize tena, angepata jibu lile lile. Ila mchungaji wetu kijana ana neno analolipenda, kwamba Mungu hachelewi, na akilisema kanisa zima huitikia kwa nguvu. Filipo hukaa kando yangu. Hunitazama kwanza. Nami huinamisha kichwa, nangoja sauti za watu zitulie, ndipo nasema amina, polepole, naye anaitikia baada yangu.