Redio ya Kutangaza Vifo Bure

Siku hiyo katika ukumbi wa kanisa, Manyatta, tulikuwa mwalimu wetu wa utangazaji, muuza nyama, fundi wa simu, akina mama wawili wa soko, mimi na mtoto wangu. Kila mmoja alieleza chombo cha habari anachotaka kuanzisha, wenzake wakampa alama. Mshindi angesaidiwa kuomba leseni.

Fundi alitaka redio ya Kiembu itakayotangaza vifo bure, na mitambo tayari alikuwa nayo. Asubuhi yote alikuwa amenibebea mtoto ili niandike. Lakini hiyo bure ilinitia shaka.

"Mitambo umetoa wapi, ndugu yangu?"

"Kuna rafiki amenisaidia."

"Huyo rafiki anatafuta kiti uchaguzini?"

Alimtazama mtoto, si mimi. "Sista, kila mtu ana rafiki."

"Na akiiba, utamtangaza?"

Muuza nyama akacheka. "Atamtangaza akifa."

Nilijiuliza kama hata kubebewa mtoto ni bure. Nikampa alama mbili kwa kumi. Aliiona karatasi yangu, akamfunika mtoto vizuri, akanirudishia polepole.

Baadaye aliirudisha mitambo kwa yule rafiki yake. Sasa kila Jumamosi husimama sokoni na kipaza sauti, akisoma bure matangazo ya vifo.